Uliza Mwalimu: matope, maharage na viluwiluwi

Haya wapendwa, nimerudi. Mwezi huu kikapu cha maswali kimejaa pomoni na karibu yote yanazunguka jambo moja tu, baridi imekwisha na watoto wamefunguka kama maji ya mfereji. Majira ya kuchipua yakiingia shule ndogo haikai tena ndani, madirisha yanaachwa wazi, majaketi yanasahaulika kwenye uzio, na yule aliyekuwa anasinzia kila saa nne asubuhi ghafla ana maswali kumi na saba kabla hata sijashika chaki. Mlioko nusu ya kaskazini ya dunia hii ndo Machi mpaka Mei yenu, mlioko kusini mtaisoma tena Septemba mpaka Novemba, mambo ni yale yale. Nimechagua barua nane, zingine nimezipunguza, kuna mama kaniandikia kurasa sita, dada nakupenda lakini gazeti lina mwisho wake.

Dimbwi nalo ni somo?

*Mwalimu habari za kazi. Mwanangu yuko darasa la pili. Tangu baridi iishe kila siku anarudi na matope mpaka masikioni, nikimuuliza leo mmesoma nini ananijibu "tulikuwa nje tunaangalia dimbwi". Siku tatu mfululizo dimbwi! Nauliza kwa heshima zote, hapo kuna masomo au tunadanganyana? Mama Mfua Nguo*

Nzuri mama, pole na ndoo za kufulia. Ngoja nikwambie hilo dimbwi linafanyaje kazi maana nina uhakika nalijua, hata mi nalifanya kila mwaka. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi mnatafuta dimbwi lililotuama kwenye sakafu ya nje, mtoto anachora mstari wa chaki kuzunguka ukingo wa maji. Mapumziko ya kwanza mnarudi, maji yameingia ndani ya mstari, mnachora mwingine. Mchana tena. Jioni dimbwi limekuwa kama kitunguu kilichokatwa, mistari ndani ya mistari, na katikati kuna maji ya kujaza kikombe. Hapo unauliza, jamani maji yameenda wapi? Wa kwanza atasema ardhi imeyanywa, nawe unamwachia kabisa humkosoi, ila kesho yake unaweka sahani ya maji pembeni ya dimbwi, sahani haina koo la kunywea, na maji yanapungua vilevile. Aisee kile kimya kinachofuata mi nakisubiri mwaka mzima.

Humo humo wanapima mistari kwa kamba na rula, hiyo ni hesabu, wanaandika sentensi tatu, hiyo ni lugha, na wanagombana kwa nini siku ya mawingu yenye upepo maji yamewahi kukauka kuliko siku ya jua lisilo na upepo, hiyo sijui niiite somo gani lakini ndiyo naipenda kuliko zote. Kwa hiyo siku tatu si nyingi, ningemuona mwalimu wa ajabu kama angefanya siku moja tu akaacha.

Na kuna la macho. Kule Guangzhou, China, watafiti walichukua shule za msingi 12, nusu yake watoto wa darasa la kwanza wakaongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule, nusu wakaendelea kama kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4 upande wa waliotolewa nje na asilimia 39.5 upande wa pili. Sisemi matope yanatibu macho, nasema kukaa nje si muda uliopotea.

Sasa nguo. Mpe buti za mpira zibaki shuleni, mfuko wenye suruali moja na soksi mbili (soksi ndo zinaisha kwanza, hapo niamini), na uandike jina ndani ya kila kitu. Na kusema kweli matope hayatoki dimbwini, yanatoka njiani kwenda dimbwini, kuna kona pale kwenye nyasi kila mtoto lazima apite hata kama kuna njia kavu hatua mbili pembeni.

Haragwe limekufa, nimbadilishie?

*Shikamoo mwalimu. Watoto wamepewa kazi ya kuotesha haragwe kwenye chupa, kila mtu amekuja nalo nyumbani wikiendi. La mwanangu halijaota, limekuwa jeusi linanuka. Wenzake wote wametuma picha kwenye grupu la wazazi, ya kwao yana majani. Analia. Mume wangu anasema tumwekee lingine usiku akiwa amelala. Tufanye hivyo? Ni mimi mama mwenye huruma*

Marahaba mwanangu. Jibu fupi ni hapana, msifanye, na jibu refu ni kwamba mi nilishafanya.

Miaka ya nyuma nilikuwa na kijana mmoja mpole, wa kukaa dirishani, haragwe lake lilioza kama la mwanao. Mi kwa huruma zangu nikabaki shule ikishafungwa, nikalitoa nikalitupa, nikachomeka lingine lililoanza kutoa mzizi kutoka kwenye chupa yangu ya akiba, nikajiona mjanja. Asubuhi kaja, kaishika chupa yake kwa mikono miwili, kaigeuza geuza, kimya. Alafu akaniambia, "Mwalimu, la kwangu lilikuwa na baka hapa ubavuni. Huyu ni mtu mwingine." Sikuwa na pa kuficha uso. Akaniuliza, bila hasira, "La kwangu umelipeleka wapi?" Basi mtu mzima nikapiga magoti kwenye pipa la taka mbele ya darasa zima, nikalipata limegandana na maganda ya penseli.

Tukalipasua kwa kucha. Ndani lilikuwa ujiuji, linanuka kama maji ya maua yaliyokaa kwenye vasi wiki mbili, na watoto wote ishirini na kitu walikuja kunusa mmoja mmoja, wengine wakarudi foleni kunusa tena. Kilichoua kilionekana wazi, karatasi ya tishu iliyokuwa ndani ya chupa yake ilikuwa imelowa chepechepe na chini kuna maji kama kisima. Mbegu inapumua jamani, inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, ukiizamisha inakosa hewa inaoza. Yule kijana akaandika kwenye daftari lake "lilikunywa maji mengi likazama", na mpaka leo hakuna aliyeandika ripoti nzuri kuliko hiyo darasani kwangu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mwache alie kidogo, haragwe lilikuwa lake. Alafu kaeni mezani mlipasue muone. Kisha aanze upya yeye mwenyewe, na safari hii chupa mbili, moja unyevu tu na moja muizamishe kwa makusudi, aone kwa macho yake. Loweka mbegu usiku mmoja, kunja tishu uizungushe ndani ya chupa ya kioo, mbegu ikae katikati ya tishu na kioo, nusu ya urefu wa chupa ili mzizi uwe na nafasi ya kushuka, maji kidogo chini yawe yanapanda yenyewe kwenye tishu. Weka sehemu yenye joto, haidai mwanga mpaka majani yatoke. Siku mbili mpaka nne utaona kitu cheupe kinachungulia, huo ni mzizi, daima mzizi kwanza, shina litafuata baadaye kidogo likiwa limeinama kama mtu anayepita mlango mfupi. Na wekeni mbegu tatu, si moja, mbegu nzee zipo nyingi na kumpa mtoto mbegu moja tu ni kumchezesha kamari.

Mzizi ukifika kama kidole cha mtoto kwa urefu, laza chupa ubavu. Kesho yake mzizi utakuwa umekata kona unaelekea chini tena. Irudishe wima, utakata kona nyingine. Huo uchawi haujawahi kuniangusha, na waliotuma picha za majani kwenye grupu wataanza kuuliza wa kwenu mmefanyaje.

Shule ina watoto 31, nimhamishe?

*Habari mwalimu. Shule ya karibu yetu ni ndogo sana, watoto 31 na walimu wawili wa darasa. Binti yangu wa miaka tisa anakaa chumba kimoja na watoto wa miaka saba. Rafiki zangu wananiambia anarudishwa nyuma. Baba Mwenye Mashaka*

Baba salaam. Swali lako naliheshimu kwa sababu hujauliza kama watu wanavyouliza, kwa dharau. Darasa la mchanganyiko linaweza kuwa zuri sana na linaweza kuwa bovu sana na tofauti ni mwalimu anajua anachofanya au anatapatapa. Siku ya kawaida inakwenda hivi, wakubwa wanapewa kazi ya maandishi wanayoijua jinsi ya kuianza, mi nakaa chini na wadogo kwenye kusoma dakika ishirini, alafu nabadilisha, wadogo wanakwenda kwenye kazi ya mikono na mi naingia kwa wakubwa na hesabu za sehemu. Katikati kuna somo tunalofanya wote, hasa majira haya, ukipeleka watu nje kuhesabu nyuki kwenye ua hakuna haja ya kuwagawa kwa umri. Mdogo anahesabu, mkubwa anachora grafu.

Kitu ambacho rafiki zako hawakioni ni huyu wa miaka tisa anapomwelekeza wa miaka saba. Ukitaka kujua kama umeelewa kitu, jaribu kumfundisha mtu anayekuuliza "kwa nini" mara nne. Kolombia wana mfumo unaitwa Escuela Nueva ulioanza miaka ya 1970 kwa ajili ya shule ndogo za vijijini zenye mwalimu mmoja au wawili, watoto wanafanya kazi kwa vitabu vya mwongozo kila mtu kwa mwendo wake na wanasaidiana, na baadaye serikali ikauchukua ukaenea nchi nzima. Kwa hiyo si jambo la kubahatisha bahatisha.

Lakini sitakupaka mafuta. Shule ndogo ina ubaya wake. Binti yako akigombana na rafiki yake wa umri wake, hana rafiki wa akiba, wako wawili tu au watatu. Mwalimu mmoja akiugua shule nzima inachechemea. Na mtoto akipewa jina la utani darasa la kwanza anaondoka nalo darasa la mwisho. Nenda ukakae darasani nusu siku, wengi wetu tunakubali ukiomba, usimwangalie mwalimu, angalia kundi ambalo mwalimu hayuko nalo wakati huo. Wakijua cha kufanya, mwache hapo hapo. Wakiwa wanarushiana vifutio dakika kumi na tano, hapo sawa, anza kuulizia kwingine.

Viluwiluwi darasani

*Mwalimu mwenzangu, mi mpya kazini, hii ndo machipuko yangu ya kwanza. Watoto wameleta ndoo ya mayai ya chura kutoka bwawani, wamejaa furaha, mi nimejaa hofu. Nifanyeje? Mwalimu wa Mwaka wa Kwanza*

Hongera, umeingia kazini sasa. Cha kwanza kabla ya vyote, ulizia sheria za mahali ulipo, nchi nyingi zinalinda vyura na kwingine huruhusiwi kabisa kuchukua. Kama inaruhusiwa, baki na mayai machache ya kujaza kiganja, ndoo irudi bwawani leo leo. Ukibaki na yote utakuwa na viluwiluwi mia kadhaa kwenye chombo kimoja, na wakibanana wanaanza kulana, hutaki kueleza hilo darasani saa mbili asubuhi.

Chombo kipana, maji ya bwawa lenyewe au ya mvua, ya bomba yana dawa, na majani ya maji kidogo. Usiweke juani, maji yanapata joto haraka wanakufa. Unabadilisha sehemu ya maji, si yote kwa mpigo. Mwanzoni wanakula mwani na majani laini yaliyochemshwa, miguu ya nyuma ikitoka wanataka na protini, chakula cha samaki kidogo kinatosha, na mabaki uyatoe maana maji yakichafuka ndo mwisho wa habari. Miguu ya mbele ikitoka weka jiwe linalochomoza juu ya maji, sasa wanapumua hewa na wasipopata pa kupanda wanazama, kiumbe aliyezaliwa majini anazama, watoto huwa hawaniamini. Mikono inanawiwa kabla na baada, bila mjadala.

Jiandae na swali la mkia. Kila mwaka kuna anayetafuta mikia iliyodondoka, mwaka mmoja nilikuwa na binti kaleta kioo cha kukuzia kutoka nyumbani na anachunguza chini ya chombo kila asubuhi na kibano. Haidondoki. Wakati miguu ya mbele inatoka mdomo nao unajibadilisha, kwa siku kadhaa hali kitu, anaishi kwa kuufyonza mkia wake mwenyewe kwa ndani. Nilipomwambia yule binti akafikiri sana akasema, "Kwa hiyo mkia ni chakula cha safari." Sikuwa na cha kuongeza.

Mwisho wa safari warudishwe bwawa lile lile walikotoka, si bwawa zuri zaidi la jirani. Kuna magonjwa ya vyura, likiwemo lile la kuvu lililomaliza vyura sehemu nyingi duniani, na ndoo ya shule inaweza kulihamisha bila mtu kujua.

Saa zimesogezwa, haamki

*Mwalimu, huku tunapeleka saa mbele lisaa limoja machipuko yakianza. Mtoto haamki, akiamka ni kama maiti. Mpaka lini? Mama Kengele*

Wiki moja hivi mama, vumilia. Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Machi, Marekani Jumapili ya pili ya Machi, nchi nyingi za dunia wala hawajui kitu hiki na Mungu awabariki. Mwakani anza siku nne kabla, kila siku mlaze na umwamshe robo saa mapema, na asubuhi akiamka tu mfungulie pazia, mwanga ndo unaorudisha saa ya mwili. Sisi walimu Jumatatu ile hatuweki mtihani, na kama yupo anayeweka namshangaa.

Mafua yasiyoisha

*Mwanangu kila mwaka kipindi hiki pua inachuruzika, macho mekundu, anapiga chafya kumi kwa mpigo. Shule inamrudisha nyumbani wakidhani anaambukiza. Ni mafua kweli? Mzazi aliyechoka*

Mi si daktari na hili mpelekeni kwa daktari, lakini nilivyoona watoto wengi, mafua ya kawaida yanakuja, yanamtesa wiki moja au mbili, yanaondoka. Kinachorudi kila mwaka msimu ule ule, kamasi nyepesi kama maji, macho yanawasha, hana homa, na anaendelea wiki nyingi, mara nyingi hiyo ni aleji ya chavua. Haiambukizi hata kidogo. Miti inatangulia kumwaga chavua mapema machipuko, nyasi zinafuata baadaye, ndo maana wengine wanaanza kuumwa siku ile ile tunayokata nyasi za uwanja.

Akipimwa mlete barua ya daktari shuleni mambo ya kurudishwa yaishe. Akifika nyumbani anawe uso, abadilishe nguo, nywele zioshwe kabla ya kulala, na mashuka yasianikwe nje siku zile mbaya. Sisi tunaweza kumkalisha mbali na dirisha. Ila akianza kukohoa usiku, kifua kubana au kupumua kwa mluzi, hiyo si ya kungoja miadi, na kama ana dawa ya pumu ya kuvuta basi dawa iwe shuleni karibu naye, si kabatini kwa mwalimu mkuu, na ufunguo mwalimu mkuu kaondoka nao.

Siku ya michezo na yule anayekuwa wa mwisho

*Mwalimu, siku ya michezo inakaribia, shule yetu ndogo kila mtu anamjua kila mtu na mwanangu daima ni wa mwisho mbio. Mwaka jana alijificha chooni. Nimruhusu asiende? Dada yake mkubwa, ndo ninamlea*

Hongera dada kwa kumlea. Mwendee mwalimu wake mapema, umwambie habari ya chooni, huenda hajui. Alafu mpe wazo hili, sisi tuliachana na mbio za nani wa kwanza kwa watoto wote miaka mingi sasa. Wiki ya kwanza ya machipuko kila mtoto anakimbia peke yake tunapima sekunde, tunaandika. Wiki sita baadaye siku ya michezo anakimbia tena, na anayeshangiliwa ni aliyepunguza sekunde nyingi kuliko alivyokuwa. Wale wepesi sana wananung'unika kidogo, maana mtu mwepesi hana sekunde nyingi za kupunguza, basi tunabakiza mbio moja ya fainali kwa wanaotaka kwa hiari yao. Mbio za vijiti tunachanganya umri, kila timu mkubwa mmoja, wa kati, na mdogo.

Shule ikikataa yote hayo, mwombee kazi. Mwaka mmoja tulimpa saa ya kupimia na filimbi mtoto mwenye tabia hiyo hiyo, hakuna aliyetembea kwa mabega kama yeye siku ile. Mbio za wazazi ndo usiulize, baba mmoja alivuta msuli wa paja hatua ya nne.

Swali la mwisho, kutoka kwa mwanafunzi

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko darasa la nne. Mwalimu wetu anatupeleka nje anatuambia tukae kimya dakika tano na karatasi. Hakuna kitu kinatokea. Kwa nini tunafanya hivi? Na je ni kweli ndege wanaimba sababu wanafurahi?*

Marahaba mwanangu, barua yako imeandikwa vizuri kuliko za wakubwa wote hapo juu, usiwaambie.

Jaribu hivi kesho. Katikati ya karatasi weka alama ya X, hiyo ni wewe umekaa. Funga macho. Ukisikia sauti nyuma yako, weka kialama nyuma ya X, ikiwa mbali weka mbali, ikiwa karibu weka karibu. Usiandike maneno, chora tu kitu kidogo, mstari wa mawimbi kwa upepo, nukta kwa ndege. Dakika ya kwanza utasikia wenzako wanacheka na mtu anavuta kamasi. Dakika ya pili gari. Dakika ya tatu hivi masikio yanafunguka na utaanza kusikia vitu ambavyo vilikuwepo muda wote, mlango wa jikoni la shule, nyuki, kamba ya bendera inagonga mlingoti. Hapo ndo kitu kinatokea.

Kuhusu ndege, sijui kama wanafurahi, hawajaniambia. Tunachojua ni kwamba majira haya wanaoimba sana wengi ni madume, wanawaambia madume wenzao "hapa kwangu usisogee" na wanawaambia majike "njooni muone". Sasa ukiwa na ile ramani yako angalia, ndege yule yule anaimba kutoka mti ule ule kila siku au anahama? Na ukimsikia mwingine anamjibu, anajibu kutoka upande gani? Fanya siku tano, karatasi tano, ziweke moja juu ya nyingine dirishani zipitishe mwanga. Ukiona nukta zinarundikana sehemu mbili tofauti basi umepata mpaka wa mashamba yao, na hakuna mtu mzima hapo shuleni anayeujua isipokuwa wewe. Niandikie nijue mpaka umepita wapi. Kama ukipita katikati ya uwanja wa mpira nitacheka sana.